"Picked" au "picked up"? Vitenzi vya maneno mawili katika kauli ya kutendwa

"Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi katika ofisi ya kampuni ya utalii hapa Arusha, na kazi yangu kubwa ni kuwaandikia wageni barua pepe. Majuzi niliandika, 'You will be picked at the airport by our driver and your bags will be looked by the porters.' Mkuu wangu wa kazi aliirudisha akiwa ameongeza 'up' baada ya 'picked' na 'after' baada ya 'looked'. Siku hiyohiyo niliandika, 'The car was broken down near Boma Ng'ombe', naye akafuta 'was' bila maelezo. Nimechanganyikiwa, maana sekondari tulifundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi, na kwamba sentensi yoyote inaweza kugeuzwa ikaingia katika kauli ya kutendwa. Sasa naona 'looked after by', vihusishi viwili vimekaa pamoja. Je, ipo kanuni, au niachane na vitenzi hivi na kutumia vya neno moja tu?"

Marahaba. Barua yako ina maswali matatu, na nafurahi kwamba umeyaleta pamoja, kwa sababu wengi huniletea moja na kubaki wamekwama kwenye mengine mawili. Unataka kujua kwa nini vijineno kama "up" na "after" haviwezi kuachwa sentensi inapogeuzwa, kwa nini vitenzi vingine hukataa kabisa kugeuzwa, na kama si afadhali kuviepuka vyote. Nitakwenda kwa mpangilio huo. La kwanza litachukua nafasi kubwa, kwa kuwa ukilielewa hilo, mengine yanakuwa mepesi.

Tuanze na kahawa. Hapa kwetu Moshi, "was picked" bila neno jingine ni habari za shambani: "The coffee was picked in October", yaani kahawa ilichumwa mwezi wa kumi. "Pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua. "Pick up" ndiyo kumpitia mtu na kumchukua. Mgeni wa Uingereza akisoma kwamba "will be picked at the airport" atakuelewa, maana akili yake itajaza pengo, ila kwa sekunde moja atakuwa amejiona akitiwa kwenye kikapu pamoja na buni. Haki yako nikupe pia: "I will pick you at six" ni usemi uliozoeleka sana Afrika Mashariki, na wenyeji wawili wakiambiana hivyo simuoni wa kumsahihisha mwenzake. Kiingereza cha hapa kina mazoea yake, na si kila zoea ni kosa. Lakini barua inayokwenda kwa mtu aliyelipia safari, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wetu wa ndege wa KIA, iandikwe kwa Kiingereza alichonacho yeye. Hapo mkuu wako alikuwa sahihi.

"Looked by the porters" ni jambo zito zaidi, kwa sababu hapo msomaji hana cha kujaza. Mizigo iliangaliwa? Ilitafutwa? Ilikaguliwa? Kiingereza kina "looked at", "looked for", "looked into" na "looked after", na maana zote nne ziko mbalimbali. Anayeondoa kijineno anaondoa nusu ya kitenzi, na mara nyingi nusu anayoiondoa ndiyo yenye maana.

Vitabu vya shule huviita vitenzi hivi "phrasal verbs", jina lililoenezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925. Jina lenyewe halisaidii sana, kwa hiyo mimi darasani nasema tu kitenzi cha maneno mawili, ingawa vipo vya matatu. La muhimu ni kwamba maneno hayo mawili ni kitenzi kimoja kilichoandikwa kwa nafasi katikati. Hii nafasi katikati ndiyo inayotudanganya. Tukiona neno limesimama peke yake tunadhani linaweza kuondoka peke yake.

Kiswahili chako kinaweza kukufundisha jambo hili kuliko kitabu chochote cha sarufi. Chukua mpagazi aliyechungulia ndani ya hema asubuhi, akaona mfuko wa kulalia umekunjuliwa na godoro limebonyea. Atasema, "Hema hili limelaliwa." Lichambue neno hilo polepole. Kuna "lal-", ambao ni mzizi wa kulala; kuna "-i-", kiambishi cha kutendea, kinachoonyesha kwamba kulala huko kumefanyika mahali fulani; kuna "-w-" ya kutendwa; halafu kuna "-a" ya mwisho. Kwa Kiingereza mtu huyohuyo angesema, "This tent has been slept in." Ile "in" ndiyo "-i-" yetu. Tofauti ni kwamba sisi tumekimeza kiambishi ndani ya tumbo la kitenzi, na Waingereza wamekiacha mlangoni. Sasa jaribu kuondoa "-i-" hiyo useme hema "limelalwa". Sikio lako limekataa kabla hujamaliza. Ndivyo sikio la Mwingereza linavyokataa "The tent has been slept", na ndivyo lilivyokataa "looked by".

Mfano mwingine utauhitaji kazini, hasa msimu wa masika. Mvua hunyesha, hutunyeshea, nasi tukanyeshewa. Wageni wako wakirudi wamelowa utaandika, "The group was rained on all the way from Machame Gate." Wanafunzi wangu wengi hawaamini kwamba Kiingereza kinaruhusu sentensi hiyo, kwa sababu mvua haina mkono wa kumtenda mtu, lakini inaruhusiwa kabisa, mradi "on" ibaki. "The group was rained" haipo duniani.

Hata hivyo, mwongozo huu una mpaka wake. Kiswahili kina maneno mengi ambayo tayari yana maana nzima ndani ya mzizi, hayahitaji "-i-" yoyote. Kutunza ni "look after", kuchunguza ni "look into", kuahirisha ni "put off", kulea ni "bring up", kumcheka mtu ni "laugh at". Tukisema mizigo itatunzwa, suala litachunguzwa, safari imeahirishwa au mtoto alichekwa, neno letu ni moja, na mkono wetu unapoandika Kiingereza unatafuta neno moja pia. Unapata "looked", unaridhika, unaweka nukta. Nadhani hilo ndilo lililokupata. Hukuwa mzembe, ulikuwa unafikiri vizuri kwa lugha ambayo haikukupa onyo mahali hapo.

Dawa ninayoipendekeza ni ya mikono, na ifanye kwenye karatasi mara kumi kabla hujaifanya kichwani. Andika kwanza sentensi ya mtenda: "The porters will look after your bags." Weka kidole juu ya kile kinachotendewa, yaani "your bags", na juu ya hicho tu. Sasa kibebe ukiweke mwanzoni. Usibebe kitu kingine. "After" haikuwa chini ya kidole chako, kwa hiyo haina ruhusa ya kwenda popote. Inabaki imeng'ang'ania "look" kama ilivyokuwa. Unapata "Your bags will be looked after", na ukitaka kumtaja mtenda unaongeza "by the porters". Kwa hiyo "after" na "by" zimekutana jirani kwa bahati tu. Moja ni mali ya kitenzi, nyingine imekuja kumleta mtenda. Ukisoma kwa sauti, pumua kidogo katikati yake: "looked after, by the porters". Utasikia kwamba hazigombani. Ningekushauri pia usimtaje mtenda kila mara. Kama mgeni anajua kwamba mizigo hubebwa na wapagazi, "Your bags will be well looked after" inatosha na inapendeza zaidi. Angalia "well" imekaa wapi: mbele ya "looked". Ukiandika "looked well after" umekitenganisha kitenzi na kijineno chake, na hicho ndicho tunachokikwepa tangu mwanzo.

Kuna faraja moja ambayo walimu husahau kuitaja. Katika sentensi za mtenda, vitenzi hivi vina makundi mawili yanayotusumbua sana, kwa sababu unasema "pick them up" na huwezi kusema "pick up them", ilhali unasema "look after them" na huwezi kusema "look them after". Mwanafunzi anatakiwa kujua kila kitenzi kiko kundi gani. Katika kauli ya kutendwa usumbufu huo wote unayeyuka. "They will be picked up". "They will be looked after". Mpangilio ni mmoja kwa makundi yote mawili: kitenzi, halafu kijineno, bila kitu katikati. Wanaoogopa kauli ya kutendwa hawajui kwamba ina nafuu hii.

Sasa kuhusu kanuni ya sekondari, kwamba sentensi haiishii na kihusishi. Mwalimu wako hakuibuni. Mwaka 1672 mshairi John Dryden aliwalaumu waandishi waliomtangulia kwa kumaliza sentensi namna hiyo, na lawama yake ikarithiwa na vizazi vya walimu hadi ikafika kwetu. Mwaka 1762 askofu Robert Lowth, ambaye sarufi yake ilisomwa sana, alisema mtindo huo unafaa zaidi kwa lugha ya mazungumzo, ila alikiri kwamba Kiingereza kina mwelekeo mkubwa kuuelekea, na sentensi aliyotumia kukiri hivyo yenyewe ilimalizikia kwa kihusishi. Sijui kama alikuwa anatania. Kwa vyovyote, hata ukitaka kuiheshimu kanuni hiyo katika maandishi rasmi, inahusu sentensi kama "the office which I wrote to", ambayo unaweza kuigeuza ikawa "the office to which I wrote". Katika kauli ya kutendwa huna pa kukipeleka kijineno. "After your bags will be looked" si Kiingereza cha heshima wala cha mtaani. Kwa hiyo andika "Your bags will be looked after", weka nukta, ulale salama.

Kama unazungumza na wageni kwa simu, jambo moja la matamshi litakusaidia. Katikati ya sentensi, vijineno kama "at", "for" na "to" hutamkwa kwa haraka, irabu yake ikiwa karibu imemezwa. Vinapobaki mwishoni, kama katika "The noise in the engine is being looked at", irabu hutamkwa kamili. Wanaovimeza mwishoni ndio wanaovisahau wakiandika.

Tuje kwenye gari la Boma Ng'ombe. Mkuu wako alifuta "was" kwa sababu "break down" kwa maana ya gari kuharibika haina mtendwa. Hakuna aliyelitenda gari, limeharibika lenyewe. Kisichotendwa hakiwezi kubebwa kwa kidole na kuwekwa mwanzoni, kwa sababu tayari kiko mwanzoni: "The car broke down near Boma Ng'ombe." Na hapa Kiswahili kinakupa onyo zuri kuliko Kiingereza chenyewe. Hukusema gari "liliharibiwa". Hiyo ingeleta habari ya polisi. Ulisema "liliharibika", kwa "-ik-". Ukijikuta umefikiri kwa "-ik-", simama kwanza kabla ya kuandika "was". Mkutano utafanyika hotelini: "The briefing will take place at the hotel", wala si "will be taken place", kosa ambalo nimeliona kwenye matangazo yaliyochapwa vizuri kwa rangi. Tahadhari vilevile na vitenzi vyetu vya kawaida visivyo na "-w-". Maji yaliisha: "The water ran out", si "was run out". Ndege iliruka: "The plane took off", si "was taken off". Nilikulia Moshi: "I grew up in Moshi".

Hilo la mwisho nilitazame kwa karibu, kwa kuwa nalipata karibu kila barua ya maombi ya kazi ninayoombwa kuisoma: "I was born and grown up in Moshi." Mwandishi ameona "was born", ambayo ni kutendwa, na akaiburuta "was" ile ifanye kazi mara ya pili. Lakini kukua hutendwi na mtu. Anayetaka kutendwa atumie kulelewa: "I was born and brought up in Moshi." Ukipenda kumtaja bibi aliyekulea, kanuni ya kidole inafanya kazi bila wasiwasi: "I was brought up by my grandmother."

Usiichukue alama ya "-ik-" kama sheria. Kiswahili husema mzigo ulipatikana, nacho Kiingereza kinasema "The bag was tracked down", kutendwa kabisa. Pia utasikia wengine wakisema "the car is broken down" wakieleza hali ya gari lililokufa njiani, kama tunavyosema "gari ni bovu". Hapo "broken down" imegeuka kuwa kivumishi, haielezi tukio. Wewe uliandika habari ya tukio, lini na wapi, ndiyo maana "was" ilikuwa ya kufutwa.

Vinavyochanganya zaidi ni vitenzi vyenye sura mbili. Mlimani Kilimanjaro mtu huweza kuishiwa nguvu Stella Point, karibu na kilele, akaamua mwenyewe kushuka, na utaandika "She turned back at Stella Point." Lakini kundi lisilo na vibali vyake likizuiwa langoni na askari wa hifadhi, utaandika "The group was turned back at the gate." Kitenzi kimoja, kijineno kimoja, na tofauti ya sentensi hizo mbili ni kubwa, hasa mgeni anapokuja kudai fedha zake. "Break down" nayo ina sura ya pili: mlango uliovunjwa kwa nguvu "was broken down", na gharama zilizochanganuliwa kipengele kwa kipengele "are broken down below". Kwa hiyo usikariri kwamba kitenzi fulani hakina kutendwa. Uliza maana iliyopo mbele yako ina mtendwa au haina.

Kuna kundi la mwisho ambalo hata wazawa wa Kiingereza hutofautiana kidogo kulihusu, na hapa kanuni ya kidole inaweza kukupotosha. "Arrive at" inaonekana kama "look at", sivyo? Basi jaribu. "A decision was arrived at" ni sentensi nzuri ya ofisini. "The gate was arrived at" inachekesha. "The matter was gone into" ni sawa kwa maana ya suala kuchunguzwa. "The hut was gone into" si sawa. Sababu ni kwamba Kiingereza kinataka kile unachokiweka mwanzoni kiwe kimeguswa na tendo, kiwe kimebadilika au kimepata jambo. Uamuzi ukifikiwa umezaliwa. Lango likifikiwa limebaki lango. Kitanda kikilaliwa shuka zinakunjamana, kiti kikikaliwa kinabonyea, duka likivunjwa na kuingiwa na wezi limepata hasara, ndiyo maana "slept in", "sat on" na "broken into" zinapita bila tatizo. Kiswahili ni kikarimu zaidi: lango kwetu hufikiwa na mtu hufiwa. Lakini "She was died" usithubutu, Kiingereza hapo husema "She lost her father." Kwa hiyo kabla hujaweka kitu mwanzoni, jiulize kilipatwa na nini. Ukikosa jibu, rudi kwenye kauli ya kutenda. Kwa sababu hiyohiyo "take after", yaani kufanana na mzazi, haigeuzwi: baba hapatwi na lolote kwa mwanawe kuwa na pua kama yake.

Vitenzi vya maneno matatu sitakaa navyo sana. Vingine vinageuzwa na vijineno vyote viwili hubaki mahali pake, kama "The old booking form has been done away with." Vingine vinageuzika kisarufi ila vinasikika vibaya, "Your visit is looked forward to" ni baridi kama ukuta wa benki, basi andika "We look forward to meeting you", na usisahau kwamba ni "meeting", si "meet". Na kuna "take care of", ambayo nafasi yake ni kubwa katika barua zenu, kwa kuwa wageni wengi huuliza hali ya wapagazi: "Our porters are well taken care of." "Of" ibaki, hata kama inaonekana yatima.

Kuna mtego mmoja wa ofisini ambao hukuuuliza. "By" humleta mtenda, lakini pia huleta ukomo wa muda. "You will be picked up by Hamisi" inamtaja dereva. "You will be picked up by 6" inasema dereva atafika wakati wowote kabla ya saa 12. Mgeni aliyeambiwa "by 6" anaweza kuwa bado bafuni saa 12 kasoro robo na dereva keshaanza kupiga honi. Kama unamaanisha saa 12 asubuhi kamili, andika "at 6 a.m."

Sasa swali lako la tatu: je, uviache? Jibu langu ni hapana, ila si hapana ya kukataa kabisa. Wageni wenu wengi si Waingereza. Wajerumani, Wafaransa, Wahispania na Wachina husoma Kiingereza kama wewe na mimi, kwa kujifunza, na kwao "cancelled" na "postponed" ni wazi kuliko "called off" na "put off", ambazo hata sisi tunazichanganya. "Put off" ina hatari ya ziada: "The climb was put off" ni safari kuahirishwa, lakini "The guests were put off by the office" inaweza kusomeka kwamba wageni walichukizwa na ofisi yenu. Katika habari za fedha, tarehe na kufutwa kwa safari, tumia neno moja bila aibu. Kwa upande mwingine, ukiondoa vitenzi vyote vya maneno mawili barua yako itasikika kama hati ya mahakama. "Your tent will be erected" inaeleweka, ila mwenyeji mkarimu huandika "Your tent will be put up before you reach camp." (Usimpelekee sentensi hiyo mgeni wa njia ya Marangu, maana yeye atalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na ataanza kuuliza hema lake liko wapi.) Tena huwezi kuvikimbia unaposoma. Mgeni atakuandikia kwamba "was let down" na hoteli, au kwamba "was put up" mahali pazuri, na usipojua kwamba wa kwanza amevunjwa moyo na wa pili amepewa malazi, utamjibu kinyume.

Ukitaka kujisomea, fungua kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, si ile ndogo ya Kiingereza na Kiswahili ya mfukoni. Kamusi hizo huonyesha kitenzi kimoja kimoja, nyingine hueleza kwamba kitenzi fulani hutumika zaidi katika kauli ya kutendwa, na huweka mfano. Soma mfano kabla ya maana. Andika vitenzi ishirini ambavyo ofisi yenu huvitumia kila siku, kama "pick up", "drop off", "hand over", "check in", "put up", "set up" na "look after", kisha uviandikie sentensi mbilimbili kwa mkono wako.

Na ipo hali ambayo maandishi yangu haya hayatoshi. Kama unaona shida haiko kwenye kijineno ila kwenye "was" na "has been" zenyewe, hujui lini uandike ipi, tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, umpelekee barua zako tano ulizozituma kweli, si mazoezi ya kitabu, kwa sababu makosa ya mtu hujirudia na mwalimu atayaona ndani ya nusu saa. Na kama barua inahusu ajali, mgonjwa kuteremshwa mlimani, bima au madai ya fedha, usiitume kabla hajaisoma mtu mwingine ofisini anayekijua Kiingereza vizuri kuliko wewe, hata kama ni saa nne usiku na unamwamsha. Katika barua kama hiyo, "He was turned back" na "He turned back" huweza kuamua nani atalipa.

Sentensi zako, basi, zisomeke hivi: "You will be picked up at the airport by our driver, and your bags will be looked after by the porters." Na ya pili: "The car broke down near Boma Ng'ombe." Kama mgeni alikuwa ndani ya gari hilo, ongeza kwamba "another car has been sent".